Bolti imekatikia ndani ya chasisi ya Prado, fundi anataka kukata dirisha. Kuna njia nyingine?

#1 Mkazi wa Kibada
Wakuu, habari za jioni. Nina Prado ya 1998, dizeli, injini ya 1KZ. Niliipeleka gereji kubadilisha bushi za stabilaiza za mbele, kazi ambayo kila mtu aliniambia haichukui hata saa. Bolti tatu zikatoka. Ya nne, upande wa abiria, fundi akatia bomba kwenye spana, ikalia "tak!", kichwa kikabaki ndani ya boksi spana. Shina limebaki kwenye chasisi, limekatika sawasawa na uso wa chuma. Hakuna hata pa kushika na koleo.

Sasa fundi anasema dawa ni kukata dirisha ubavuni mwa chasisi kwa grainda, atoe nati na kila kitu, achomelee nati mpya halafu azibe. Roho yangu inasita. Kuna njia nyingine? Na kwa nini tatu zitoke vizuri na moja ikatike? Yeye anasema ni kutu ya Kigamboni, huku kwetu karibu na bahari. Natanguliza shukrani.

#2 Kaa la Moto
Ngoja waje wenye spana zao. Mimi nina kalamu na daftari.

#3 Mchomeleaji Buguruni
Usikubali dirisha. Chasisi ya hiyo gari ni boksi. Ukiikata jirani na sasipensheni umeidhoofisha pale pale inapobeba mzigo, na weldi ya kuzibia itaanza kuliwa na kutu kwa ndani ambako rangi haifiki.

Kazi hiyo ni ya weldi ndogo tu. Weka washa (kile kipete bapa cha chuma) juu ya kisiki, yaani kipande cha bolti kilichobaki, juu yake nati, piga moto katikati ya tundu mpaka chuma kijae na kishikane na kisiki. Acha wekundu uishe, ndipo utie spana. Usifungue kwa hasira: nenda mbele kidogo, rudi nyuma kidogo. Nati ikichomoka, choma nyingine. Kinachofungua hapo ni joto. Kisiki kinataka kutanuka, nati imekibana, kikipoa kinasinyaa na kutu inapasuka.

#4 Drili Taratibu
Mkuu #3, hiyo unaifanya kwenye bloku ya aluminiamu, ambako weldi ya chuma haishiki pembeni. Hapa kisiki ni chuma, chasisi ni chuma, na kimekatika sawa na uso. Mkono ukiyumba milimita mbili umekichomelea kisiki kwenye chasisi moja kwa moja, na ndoa hiyo haina talaka.

Mimi natoboa. Sugua uso kwa tupa uwe bapa, piga senta panchi katikati kabisa, anza na biti ya milimita 3, mwendo wa polepole, mafuta yasikauke. Ukipata biti za kushoto, yaani zinazokata kwa kuzunguka kinyume, mara nyingi kisiki kinatoka chenyewe kabla hujamaliza. Kikigoma, ekstrakta, kile kichuma cha kung'ang'ania ndani ya tundu na kuchomoa bolti iliyokatika. Ikigoma nayo, toboa mpaka 8.5, yabaki meno tu, uyatoe kwa tapu, kile chuma cha kukatia meno.

#5 Dada wa Tegeta
Kabla ya moto wowote: toa tamino hasi ya betri. Klampu ya ethi ibane kwenye chasisi yenyewe karibu na kazi, isiwe kwenye injini au tairi, maana umeme ukipita kwenye beringi unazila. Halafu angalia paipu za breki na za dizeli zinapita wapi. Gereji nyingi hawaangalii mpaka waone moshi.

#6 Babu Spana
Drili Taratibu kasema vizuri ila kapita haraka kwenye ekstrakta. Kile kichuma ni kigumu kuliko biti yako. Kikikatikia ndani, biti za kawaida zinateleza tu juu yake, utahitaji biti ya kabaidi na subira. Bolti imeshinda bomba la fundi, unadhani itamwogopa mdudu wa unene wa penseli? Ekstrakta ni ya bolti iliyokatika kwa kuvutwa. Iliyokatika kwa sababu imeganda, mwachie mwenye moto.

Mleta uzi, kichwa kilichokatika kilikuwa cha spana ngapi? Na zile tatu?

#7 Mkazi wa Kibada
Shikamoo Babu. Zile tatu ni 14. Iliyokatika ni 17. Nilidhani ni kawaida.

#8 Babu Spana
Marahaba. Si kawaida.

Kiwandani hawafungi bolti tatu za 14 na moja ya 17 kwenye kazi ile ile. Kwa Toyota kichwa cha 14 ni bolti ya milimita 10, na meno yake yanapishana milimita 1.25. Nenda sasa duka la hadwea Kariakoo, omba bolti ya 10. Atakupa yenye kichwa cha 17 na meno ya 1.5. Kwa macho zinafanana. Ukiifunga inaingia mizunguko miwili mitatu kwa mkono, kisha inakaza. Mwenye haraka anasema "imekaza vizuri", anatia nguvu. Kumbe kila jino linapishana na mwenzake robo milimita. Jino la tatu tayari robo tatu ya milimita, limepanda juu ya mgongo wa jingine.

Mtu alipoteza bolti yako zamani, jioni, duka la spea limefungwa, mwenye gari anapiga simu. Akatia ya hadwea. Kigamboni isisingiziwe.

#9 Vernia ya Kichina
Babu heshima yako, lakini umehukumu kabla ya ushahidi. Kichwa cha 17 kwa Toyota hiyo hiyo ni bolti ya milimita 12. Inawezekana tundu liliharibika zamani, fundi mwenye akili akalitanua akakata meno ya 12. Hiyo ni kazi halali kabisa.

Mleta uzi, chukua kile kichwa na kipande cha shina kilichobaki nacho, pima unene. Na usome kilichoandikwa kichwani. Za kiwandani za Toyota mara nyingi utakuta namba moja, mfano 7, au mistari. Za hadwea zinaandikwa 4.8, 8.8 au hazina kitu.

Halafu Drili Taratibu #4: 8.5 ni kwa meno ya 1.5. Kwa 1.25 unatoboa 8.8, kwa sababu kumi toa 1.25 ni 8.75. Ukitoboa 8.5 tapu itakuwa na kazi ya ziada, na tapu ikikatika ndani ni msiba kuliko ekstrakta.

#10 Drili Taratibu
Sahihi #9, nimepokea. Tuseme 8.8 kama tukithibitisha ni 1.25.

#11 Mtoto wa Keko
Nyote mnaruka jambo lililo wazi. Prado ya 1998 imeishi Japani kwanza. Kama ilikuwa Hokkaido au kaskazini mwa Honshu, majira ya baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha theluji, na chumvi ile inaingia ndani ya chasisi na kukaa. Mwenye karatasi ya mnada aitazame: S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati. Gari linapigwa rangi nyeusi chini, linapanda meli, sisi tunaona linang'aa.

#12 Nahodha wa Panton
Gari limekula vumbi la Bongo miaka yote hiyo na bado kutu ya Japani haijamaliza mkataba wake? Mimi niko Kigamboni tangu kabla ya daraja la 2016, nikivuka na panton, yaani kivuko, asubuhi na jioni, maji ya bahari yanarukia tairi. Bolti zangu zinatoka kwa spana ya kawaida. Siri ni grisi, basi.

Na kama ni upepo wa bahari, Masaki imezungukwa na maji kuliko Kibada. Ila kule hawasemi kutu, wanasema wanabadilisha gari.

#13 Kaa la Moto
😂😂 Nahodha umewamaliza. Aulizwe pia kama gari halijawahi kuogelea Jangwani kipindi cha mvua.

#14 Mkazi wa Kibada
Jangwani nimepita kama kila mtu, ila sijawahi kuzama. Mwenye gari wa kwanza simjui.

#15 Kirikuu Mweupe
Nimesoma wote, hakuna aliyeuliza swali la msingi: hilo tundu lina mwisho au limepenya?

Nati ya chasisi imechomelewa kwa ndani, nyuma yake kuna uwazi wa boksi. Ncha ya bolti inachungulia humo ndani na imekaa na unyevu miaka. Meno ya ile ncha yamevimba kwa kutu, maana kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Unapofungua unataka kuyapitisha yale meno yaliyovimba ndani ya nati safi. Ndiyo maana inaanza kulegea, unafurahi, halafu inakaza tena na kukatika.

Sasa kwa nini uitoe kwa mlango ilioingilia? Ipeleke mbele. Choma nati kama alivyosema #3, lakini zungusha upande wa kukaza. Kisiki kinaingia ndani, kinaanguka kwenye boksi, tundu linabaki wazi. Kirikuu yangu nilifanya hivyo kwenye bolti ya bodi.

#16 Babu Spana
Kirikuu umenena. Ila kama ni meno ya 1.5 ndani ya 1.25, kuipeleka mbele ni kuzidi kuisokomeza.

#17 Kirikuu Mweupe
Babu, kama. 🙂

#18 Fundi Msomi
Kabla hamjafika huko, loweka. ATF (mafuta ya giaboksi ya otomatiki) nusu, asetoni nusu, tikisa kila unapotumia kwa sababu havikai pamoja. Usipulizie kwa mbele ambako kisiki kimeziba, hakuna kinachopenya. Chasisi ina matundu ya kutolea maji, pitisha mrija uipate nati kwa nyuma. Acha usiku kucha. Asetoni inashika moto upesi, kwa hiyo ikauke kabisa kabla weldi haijawashwa.

#19 Mtoto wa Keko
Asetoni ya kutolea rangi ya kucha inafaa? Ya mama watoto ipo kabatini.

#20 Dada wa Tegeta
Soma chupa kwanza, nyingi siku hizi hazina asetoni. Na umrudishie chupa yake kabla hajaitafuta.

La maana zaidi: kuna wanaopulizia dawa ya kusafishia breki halafu wanawasha weldi hapo hapo. Someni kopo. Zenye tetrakloroethilini zikikutana na joto la weldi zinatoa fosjini, gesi iliyotumika kuua watu kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Sio lazima uivute nyingi.

#21 Mchomeleaji Buguruni
Dada #20 asante, hilo wengi hatulijui. Nyongeza: nati za hadwea zina zinki. Isugue kwa tupa kwanza, ule moshi mweupe unakupa homa usiku. Sisi huwa tunakunywa maziwa.

#22 Dada wa Tegeta
Maziwa yanakwenda tumboni kaka, moshi uko kwenye mapafu. Fungua mlango wa gereji, simama upande unakotoka upepo.

#23 Mkazi wa Kibada
Nimerudi na majibu. Nimeazima vernia, kile kipimo cha unene. Shina ni milimita 9.8. Kichwani kumeandikwa 4.8. Na kitu kingine nimekiona: pale ilipokatika, karibu nusu ya duara ni nyeusi, nusu nyingine inang'aa kama chuma kipya.

#24 Babu Spana
4.8! Nilisema nini? Hadwea. Namba ya kwanza zidisha kwa mia, hiyo ndiyo nguvu ya kuvutwa kwa megapaskali: mia nne. Ya 8.8 ni mia nane. Mtu kafunga bolti ya kufungia geti kwenye gari la tani mbili.

#25 Vernia ya Kichina
Kwenye milimita 12 nilikosea, hilo limeisha. Lakini Babu, 4.8 inasema ni dhaifu, haisemi meno ni 1.5. Bolti za 10 zenye meno ya 1.25 zipo pia madukani. Na nusu nyeusi inasema jambo lingine kabisa: ufa ulikuwepo zamani, umeota kutu ndani yake. Bolti ilikuwa imeshakatika nusu barabarani, kwa kulegea na kugonga kila ukipita tuta. Fundi na bomba lake alimalizia tu.

#26 Mchomeleaji Buguruni
Au ilipasuka siku ile ile ilipofungwa, kwa kukazwa kupita kiasi. Mashine ya upepo haina huruma na 4.8.

#27 Mtoto wa Keko
Na ufa uliota kutu kwa sababu ya nini? Ya chumvi. Tunarudi kwangu.

#28 Nahodha wa Panton
Kijana wewe ungekuwa wakili.

#29 Fundi Msomi
Mimi namtetea fundi kidogo. Watu mnamsema bomba, bomba. Bolti yenye ufa nusu ingekatika hata kwa spana ya mkono. Kosa lake ni kutopasha moto alipoona inakaza, na kukimbilia dirisha.

#30 Mkazi wa Kibada
Mrejesho. Fundi wangu amekataa kuchoma nati, kasema hataki lawama. Nimempata mwingine, Vingunguti, ana mashine ya weldi ya waya, siyo ya vijiti. Usiku tulilowesha kwa nyuma kama alivyosema #18. Asubuhi akaziba uso wa chasisi kwa kipande cha shaba kilichotobolewa katikati, ili moto usirukie pembeni. Nati ya kwanza ilichomoka. Ya pili ikashika. Akaigusisha mshumaa ikiwa bado ya moto, nta ikayeyuka ikanyweshwa ndani. Kufungua ikagoma. Nikamwambia ajaribu upande wa kukaza, akanicheka, akajaribu. Ikaenda! Kwanza nzito inalia, halafu nyepesi, akaikata nati kwa grainda, akasukuma kisiki kwa bisibisi nene. Kimeanguka ndani ya chasisi.

Kapitisha tapu ya 1.25, uchafu mwingi umetoka. Bolti ya 14 ya spea imeingia. Mizunguko ya kwanza inacheza kidogo, ndani inashika vizuri.

#31 Kirikuu Mweupe
Asante kwa kuleta mrejesho, wengi wakipona wanapotea.

#32 Babu Spana
Mizunguko ya kwanza inacheza kwa nini? Kwa sababu meno ya mwanzo yalitafunwa na ile ya 1.5. Kesi imefungwa.

#33 Vernia ya Kichina
Haijafungwa. Ingekuwa 1.5 isingeenda mbele mpaka ikaanguka. Meno ya mwanzo ndiyo yanayobeba mzigo mkubwa kwenye nati yoyote, ndiyo yanayochakaa kwanza bolti ikilegea na kugonga. Hiyo ni hoja yangu ya #25.

#34 Babu Spana
Ilienda mbele kwa sababu ilishajichongea njia tangu siku ya kwanza. Kitoeni hicho kisiki tuhesabu meno. Urefu wa milimita 10, yakiwa manane ni 1.25, yakiwa sita na kitu ni 1.5.

#35 Mkazi wa Kibada
Babu, kiko ndani ya chasisi. Nikipita tuta nakisikia kinatembea.

#36 Kaa la Moto
Ushahidi uko mahabusu 😂

#37 Fundi Msomi
Nunua ile sumaku ya kurefuka kama antena ya redio, zipo Gerezani. Simamisha gari pua ikiangalia chini kwenye mteremko, kiteremke mbele, uingize sumaku kwenye tundu la mwisho wa chasisi. Ila sumaku itataka kushika ukuta wa chasisi kwanza, kwa hiyo ivishe kipande cha mpira wa bomba pembeni, ibaki ncha tu. Ukishindwa, hakina madhara makubwa, ila kitakwangua rangi ya ndani na kutu itapata pa kuanzia.

#38 Dada wa Tegeta
Na ukiwa hapo pulizia nta ya kuzuia kutu au hata mafuta machafu mazito humo ndani. Zile bolti nyingine tatu zitoe moja moja, zipake grisi ya shaba, zirudishe. Ukishazipaka grisi usikaze kwa nguvu ile ile ya zikiwa kavu, zinateleza na kuvutika zaidi.

#39 Nahodha wa Panton
Grisi. Nilisema tangu #12.

#40 Kijana wa Buza
Wakuu samahani kuingilia, Noah yangu stadi moja (bolti ya kufungia tairi) ya nyuma imekatika, nayo nichomee nati?

#41 Mchomeleaji Buguruni
Hapana mdogo wangu, hiyo haina meno upande wa ndani, imesukumiwa tu kwenye habu. Toa doramu, igonge kwa nyundo itokee nyuma, halafu ivute mpya kwa nati na washa mpaka ikae. Kabla hujanunua, beba ile iliyokatika uende nayo dukani, na mwambie muuzaji akupimie meno mbele yako.

#42 Kijana wa Buza
Asante bro. Ni 12 kwa 1.5, nimeiona imeandikwa kwenye boksi la mpya.

#43 Babu Spana
Boksi limeandikwa 1.5, ndani pima mwenyewe.